Mwenzio akikupiga: mwongozo kamili kwa mwanaume mwenye mpenzi mwanaume, hapa hapa Dar

Usiku Manzese au Sinza, wanaume wawili wakisikika wanarushiana vitu chumbani, majirani wanasema washkaji wamezinguana hela. Baba mwenye nyumba anagonga mlango anauliza kulikoni usiku huu, anajibiwa aa mzee tulikuwa tunataniana, stori imeisha. Kesho yake mmoja anatoka na jicho limevimba, anasema kaanguka na boda. Boda za Dar zimesingiziwa majeraha mengi sana jamani.

Huu mwongozo ni wa huyo mwenye jicho. Sitakwambia "nenda tu polisi" kana kwamba tunaishi nchi nyingine, mana wote tunajua kilichopo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu huku Bara, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, kinaanzia miaka 30 jela mpaka maisha, adhabu ilipandishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na kifungu cha 157, cha vitendo vya aibu kati ya wanaume, nacho kipo pembeni na miaka 5 yake. Mwenzio anajua hilo vizuri tu, ndo mana akikasirika hasemi nitakupiga, anasema nitakuchoma, yaani nitakusemea. Kwa hiyo hatua zote huku chini zimesimama kwenye jambo moja: tenganisha kipigo na mapenzi. Jeraha linatibiwa, shambulio linaripotiwa, chumba kinahamwa, na hakuna hata mmoja katika hao wote anayehitaji kujua unalala na nani. Sio kwamba ni sawa kuishi hivyo, ila kwa sasa hiyo ndo njia inayopitika.

Hatua ya 1: Angalia kama ni ugomvi au ni ukatili

Wapenzi wote wanagombana, tusidanganyane. Swali ni nani anamuogopa nani. Ukisikia funguo zake mlangoni tumbo linakata? Unafuta meseji za dada yako kabla hajafika? Unamwambia uko foleni Ubungo kumbe umeshashuka, ila unatafuta dakika kumi za kupumua? Basi hapo sio ugomvi tena.

Na usisubiri ngumi ndo uhesabu. Kuna anayekushikia simu na namba ya siri ya M-Pesa, anayekwambia kondomu ni za watu wasioaminiana, anayekulazimisha usiku hata ukisema leo hapana, anayeficha dawa zako za ARV ili umuombe, anayekutumia sms saa tano usiku "nimpigie mama yako nimwambie mwanae anaishi vipi mjini?" alafu asubuhi anakununulia chapati na supu kama hakuna kilichotokea. Yote hayo yanahesabika. Kulazimishwa na mpenzi wako ni kulazimishwa, hata kama jana ulikubali na hata kama yeye ndo analipa kodi.

Kingine kinachowachanganya watu ni hiki cha "sisi wote wanaume, mbona na mimi nilimrudishia". Kurudisha ngumi ili upate upenyo wa mlango hakukufanyi uwe sawa na aliyeanza na anayeanza kila siku. Wala haijalishi nani kati yenu anaitwa basha na nani anaitwa nani, mana kuna majitu ya gym yanapigwa na vijana wembamba kabisa, yanaona aibu kusema.

Na madhara hayaishii kwenye ngozi. Mwaka 2014 watafiti wa London walikusanya tafiti 19 zenye wanaume zaidi ya 13,000, nyingi zikiwa za Marekani, wakaona wanaofanyiwa ukatili na wapenzi wao wa kiume ndo haohao wanaokutwa zaidi na dalili za sonona, ulevi na dawa za kulevya, ngono bila kondomu, na VVU. Ukikaa ukafikiria inaeleweka, mana mtu anayeogopa kupigwa hawezi kubishana kuhusu kondomu.

Hatua ya 2: Jua dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Ya kwanza ni kukabwa shingo. Naiweka juu kwa sababu watu wanaidharau, "alinikaba kidogo tu akaniachia". Shingo iliyokabwa mara nyingi haina alama yoyote nje, lakini ndani mshipa wa damu unaoenda kwenye ubongo unaweza kuwa umechanika, na kiharusi kikaja baada ya masaa au hata siku kadhaa, kwa kijana kabisa. Kama baada ya kukabwa sauti imekuwa ya kukwaruza, kumeza kunauma, kuna vidoti vyekundu kwenye macho, kichwa kinauma upande mmoja, mkono au mguu umelegea, au ulizimia hata kwa sekunde, au ulijikojolea bila kujua, nenda hospitali usiku huohuo. Na lichukulie hivi, mtu akishafika kukukaba amevuka mstari mwingine kabisa, wanaokabwa ndo walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mtu huyohuyo. Akikaba mara moja, ruka moja kwa moja mpaka Hatua ya 6.

Kichwa: kutapika tapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni za macho kutolingana, majimaji yanatoka puani au masikioni. Usilale ukisema nitaona kesho. Muhimbili kuna idara ya dharura na MOI iko palepale kwa vichwa na mifupa.

Tumbo: ukipigwa mateke ubavuni au tumboni, ukawa na maumivu yanayozidi, tumbo gumu, kizunguzungu ukisimama, inaweza kuwa damu inavuja ndani.

Na nyuma: kulazimishwa kunaweza kuchana. Damu kidogo ya siku moja ni jambo moja, ila damu isiyokata, homa, au maumivu ya tumbo la chini ni dharura, sio ya kukalia maji ya chumvi kwenye beseni.

Hatua ya 3: Hospitali, na nini cha kusema

Amana, Mwananyamala, Temeke, hizo ni za rufaa za mkoa na ziko wazi usiku. Ukifika na jeraha la kupigwa utaulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Inatolewa kituoni bure, haiuzwi, daktari anaijaza, inarudi polisi. Kama hali ni mbaya maisha yanatangulia, mwambie wazi anayekupokea kwamba unavuja damu au ulizimia, fomu itafuatiliwa na aliyekusindikiza. Ndo mana ni vizuri usiende peke yako.

Swali litakalokuja, dirishani au kituoni, ni "nani kakupiga, mnahusiana nini?" Huna haja ya kutunga tamthilia. "Ni mtu tunayekaa nae nyumba moja, tulizozana akanipiga na chupa." Hiyo ni kweli tupu na inatosha. Wanaoharibu ni wale wanaojieleza sana, mara ni binamu, mara ni mdeni wangu, alafu maelezo ya hospitali na ya polisi hayafanani.

Ila kwa daktari kuna kitu usifiche, mwili ulifanyiwa nini. Omba faragha, "dokta naomba tuongee wawili", alafu sema "nimeingiliwa kwa nguvu" kama ndivyo ilivyokuwa. Hujasema wewe ni nani wala nani kakufanyia, umesema jeraha liko wapi. Bila hivyo atakupa panadol uende, na utakuwa umekosa kitu muhimu kuliko vyote, yaani PEP.

PEP ni dawa za kuzuia VVU baada ya tukio. Mwisho wake ni masaa 72, lakini hiyo sabini na mbili sio ya kuzunguka nayo, kila saa linalopita nguvu inapungua, kwa hiyo ukiweza kumeza ndani ya masaa mawili matatu ni bora kuliko kesho. Unapimwa kwanza, ukikutwa huna unapewa, unameza kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Zinapatikana CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo ya VVU, na usiku au wikiendi ulizia dharura. Ukiambiwa "njoo Jumatatu" piga hesabu ya masaa palepale, ukiona yatapita chukua boda uende hospitali nyingine. Na usiache kwa sababu jamaa anadai anatumia dawa na virusi vyake havionekani. Ni kweli kwamba virusi visivyoonekana kwenye kipimo haviambukizi kwa ngono, lakini hilo ni neno la mtu aliyekulazimisha, na wewe karatasi yake hujaiona.

Kwenye safari hiyohiyo omba kipimo cha kaswende na tiba ya magonjwa mengine ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini B kama hujawahi kuchanjwa. Zinakuwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita.

Ukikutana na mhudumu wa kukupigia mahubiri, usibishane nae, ulizia mwingine. Baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha huduma kwa manusura wa ukatili, wanstop senta (One Stop Centre), ambako daktari, ushauri nasaha na polisi viko sehemu moja, na wengi wa hapo wameshasikia mengi. Waelimisha rika pia wanajua nesi gani ni mtu, ila ulizia upya kabla hujaenda: mwaka 2017 serikali ilifunga vituo 40 vya huduma za VVU kwa makundi maalum kama sisi, na 2025 hela za Marekani zilipokatwa mambo yakayumba tena, kwa hiyo sehemu uliyoelekezwa mwaka juzi inaweza kuwa duka la vipodozi sahivi.

Hatua ya 4: Kuripoti au kukausha

Hapa sitakuamulia. Kupiga mtu ni kosa, kutishia mtu ili akupe hela ni kosa, na unaweza kufungua kesi ya shambulio kama mpangaji aliyepigwa na mpangaji mwenzake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo vituo vingi vya Dar, na hata wanaume wanasikilizwa. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kwenye kubakwa ndo pagumu, na ni lazima ujue kabla hujafungua mdomo kituoni. Sheria yetu ya kubaka imeandikwa kwa mwanamke au msichana tu. Mwanaume akilazimishwa, kesi inaangukia kifungu kilekile cha 154, na hicho kinamuadhibu pia anayeruhusu kuingiliwa. Wewe hukuruhusu, kwa hiyo kisheria sio mkosaji, lakini jamaa akibanwa kitu cha kwanza atakachosema ni "tulikubaliana, ni mpenzi wangu". Kwa sababu hiyo wakili kwanza, polisi baadae. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayotambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wa bure, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana huduma hiyo hapa mjini. Nenda na swali, sio na kesi: "mtu akifanyiwa hivi, akiripoti, anaweza kupata matatizo gani?"

Tishio lake la kukuchoma nalo lipime kwa akili. Kifungu hakichagui, akikupeleka amejipeleka na yeye. Wengi wanaotishia hawaendi popote. Ila kama ana mjomba askari, au hana cha kupoteza, au ana video ambayo uso wake haupo na wako upo, hilo sio tishio tupu, lihesabu kama hatari ya kweli.

Ikitokea umekamatwa na unapelekwa "kupimwa nyuma" ili ithibitishwe wewe ni nani, hicho kipimo hakina msingi wowote wa kitabibu, na Chama cha Madaktari Duniani kilitaka kikomeshwe tangu 2017. Usisaini ridhaa, sema unamtaka wakili wako, rudia hivyohivyo. Usichanganye na daktari anayekukagua jeraha ulilomlalamikia mwenyewe.

Hatua ya 5: Simu

Simu yako ndo faili la kesi, lako na lake. Fanya haya ukiwa nje ya nyumba, sio mbele yake.

Fungua WhatsApp, nenda sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta au simu usiyoijua itoe. Angalia akaunti ya Google iko wazi kwenye simu gani na gani, na kama umemruhusu aone ulipo kwenye ramani. Badilisha namba za siri za barua pepe kwanza, mitandao baadae, mana mwenye barua pepe yako anarudisha vyote. Badilisha PIN ya hela, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa kaka. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Ila angalizo, ukibadilisha vyote kwa mpigo wakati bado unaishi nae atajua kuna kitu. Kama anakagua simu kila jioni, acha hii ya kawaida ilivyo, na mipango yako iwe kwenye kisimu cha batani kwa rafiki au kwenye simu ya dada yako.

Ushahidi: picha za majeraha, meseji za vitisho. Zitume kwa mtu mmoja unayemuamini, alafu zifute kwako. Chagua zile zenye kipigo na tishio, zile za mapenzi usizibebe kabisa, hazikusaidii mahakamani na zinaweza kukuumiza wewe.

Kama ana picha zako za utupu, usimlipe. Akilipwa leo anarudi mwisho wa mwezi. Kuna huduma ya bure inaitwa StopNCII.org, inatengeneza alama ya picha ndani ya simu yako mwenyewe bila picha kutoka, mitandao iliyojiunga nayo inaizuia isipandishwe. Inataka uwe na hiyo picha, na WhatsApp ya mtu kwa mtu haiwezi kuizuia, lakini kwa Facebook na Instagram inasaidia.

Hatua ya 6: Kuondoka

Muda wa kuondoka ndo muda wa hatari kuliko wote, kwa hiyo usitangaze. Hakuna kikao cha mwisho, hakuna "tukae tuongee kiutu uzima". Unaondoka akiwa kazini, mchana, siku ya kawaida.

Kwanza hela. Dar mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita, hiyo inakatisha watu tamaa wanarudi. Usianze na chumba, anza na pa kulala wiki mbili: kwa mshkaji, kwa shangazi Mbagala, kwa ndugu Kibaha. Weka akiba kidogo kidogo kwa mtu, au kwenye laini ambayo haijui. Chumba utatafuta ukiwa umetulia, na kitafute upande wa mji ambao yeye hana mishe.

Pili vitu. Kitambulisho cha NIDA, vyeti, kadi ya benki, kadi ya kliniki, dawa za mwezi, funguo, chaja. Vitoe mapema kimoja kimoja, cheti cha kidato cha nne kikihamia kwa dada hakuna atakayegundua. Tivi na godoro acha. Najua godoro ni hela, acha tu.

Tatu maelezo. Ndugu watauliza kwanini umehama, andaa jibu fupi lisilobadilika: "jamaa alikuwa mlevi ananipiga." Watu wa Dar wanaelewa mpangaji mwenza mlevi, hawataendelea kuchimba. Kwa mwenye nyumba sema umepata kazi mbali, na usimwachie namba mpya. Kama kitanda kilikuwa kimoja na majirani walishaanza maneno, usiwaage.

Nne neno la siri. Kubaliana na mtu mmoja, ukimtumia meseji ya kawaida kabisa, mfano "umeme umeisha huku", ajue apige simu ajifanye kuna msiba au aje mlangoni. Asije peke yake.

Ukilazimika kurudi kuchukua kitu, nenda na watu wawili, mchana. Mjumbe anaweza kusimama kama shahidi wa ugomvi wa wapangaji, ila pima kwanza ni mjumbe wa aina gani, kuna wengine ndo redio ya mtaa.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Kama uko kwenye ARV na zimebaki huko, usikae bila. Nenda kliniki yako au CTC yoyote, sema nimehama ghafla dawa zimebaki. Namba ya kadi iwe kichwani au imehifadhiwa kwa mtu. Na akianza kutangaza hali yako ya VVU, sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo, na kwenye hilo huna haja ya kugusa mapenzi kabisa.

Uliyemeza PEP, rudi kupima baada ya wiki sita na tena miezi mitatu. Kipimo cha kujipima nyumbani kimeruhusiwa tangu 2019, ila wakati wa PEP usikitegemee, nenda kliniki. Ukimaliza ulizia PrEP, dawa za kuzuia VVU zinazomezwa kabla ya tukio, kama bado kuna uwezekano wa kukutana na hali ileile.

Usingizi utakataa. Utasikia boda imesimama nje, unashtuka. Hiyo ni kawaida kwa wiki za mwanzo. Ikizidi mwezi, au unakunywa ili ulale, au unawaza kujimaliza, hiyo inatibika. Muhimbili na Mwananyamala kuna kliniki za afya ya akili, na unaweza kuanza na "sipati usingizi tangu nilipopigwa", mengine yatafuata ukimuamini mtu. Kama ni heroini imeingia humo, methadoni ipo hospitali hizohizo na Temeke.

Utamkumbuka pia. Atatuma hela, atatuma nyimbo, atasema ameokoka. Watu wengi wanarudi zaidi ya mara moja kabla hawajaondoka moja kwa moja, kwa hiyo ukirudi usiitupe namba ya rafiki yako, na kitambulisho kibaki kulekule kwa dada.

Na wewe rafiki unayesoma hii kwa ajili ya mtu: usimfuate jamaa kumpiga, atakayelipa ni yule aliyebaki nae ndani. Usimuulize "kwanini usiondoke", muulize "leo usiku uko salama?" Muwekee begi lake dogo chini ya kitanda chako, mwambie mlango wako unafunguka saa ngapi, na simu yako usiizime.